Dira ya Mzamiaji: Sindano au Tarakimu?

Mtu atembeaye nchi kavu huongozwa na alama nyingi bila yeye mwenyewe kufahamu: jua, kivuli cha mti, kilima kilicho mbali, mteremko wa njia, hata kelele za soko au za mashine ya kusaga nafaka. Mara azamapo baharini, karibu alama zote hizo humtoka. Katika ghuba ya Chole kisiwani Mafia wakati maji yanapotoka kwa nguvu, au katika bandari ya Dar es Salaam baada ya mvua za masika, mzamiaji huweza kujikuta haoni zaidi ya mita chache mbele yake. Jua huwa ni mwangaza hafifu usio na upande. Sauti ya injini ya mashua nayo husikika kana kwamba inatoka pande zote, kwa kuwa sauti husafiri majini kwa kasi ya mita 1,500 hivi kwa sekunde, yaani zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani, na masikio ya binadamu hushindwa kupambanua ni sikio lipi lililoipokea kwanza.

Wakati huo huo hewa iliyomo ndani ya mtungi inapungua. Mzamiaji aibukaye mita 200 mbali na mashua yake, huku mkondo ukimvuta kuelekea bahari kuu na jua likikaribia kutua, yumo hatarini hata kama mtungi wake bado una hewa. Kwa sababu hiyo dira imehesabiwa kuwa miongoni mwa vyombo vya lazima vya kazi hiyo, pamoja na saa na kipimo cha kina.

Siku hizi anayetaka kununua dira ya kuzamia hukuta aina mbili. Ya kwanza ni dira ya sindano, ambayo kimsingi haina tofauti na ile iliyomo katika maabara ya shule. Ya pili ni dira ya elektroniki, ambayo huonyesha mwelekeo kwa tarakimu juu ya kioo, na mara nyingi huwa imejengwa ndani ya kompyuta ndogo ya kuzamia inayovaliwa mkononi kama saa. Wauzaji huisifu ya pili kwa upya wake, na wazamiaji wa zamani huisifu ya kwanza kwa ukongwe wake. Katika makala haya tutajaribu kuzipima kwa fizikia, na hasa kwa swali hili moja: dira inapokosea, je, mwenye kuitumia ataweza kujua kwamba imekosea?

Kwa nini usumaku, wala si setilaiti

Huenda msomaji akauliza kwa nini wazamiaji wasitumie vyombo vya kupokea ishara za setilaiti, kama vile vilivyomo katika simu za mkononi na katika meli. Jibu ni kwamba ishara hizo ni mawimbi ya redio, na maji ya chumvi ni kipitishi cha umeme. Mawimbi ya redio yenye masafa makubwa kama hayo yakiingia katika maji ya bahari hufifia kabisa katika kina cha sentimita chache tu. Chombo kinachojua mahali ulipo ukiwa juu ya maji huwa kipofu mara uzamishapo mkono wako.

Uga wa sumaku wa dunia hauna tabia hiyo. Chanzo chake ni mwendo wa chuma kilichoyeyuka katika kiini cha nje cha dunia, zaidi ya kilometa 2,900 chini ya miguu yetu, nao hubadilika polepole sana, kwa miaka na karne. Uga uliotulia namna hiyo hupenya maji ya bahari kana kwamba hayapo. Katika kina cha mita 30 sindano ya dira huvutwa kwa nguvu ile ile kama ilivyovutwa juu ya mashua.

Nguvu yenyewe ni ndogo mno. Juu ya uso wa dunia uga huo huwa kati ya mikrotesla 25 na 65, kutegemea mahali. Sumaku ndogo ya kubandikia karatasi kwenye mlango wa jokofu, ikiguswa kwa karibu, ina uga unaozidi huo mara mia moja hivi. Msomaji auweke moyoni ulinganisho huu, kwa maana udhaifu mwingi wa dira za aina zote mbili umetokana nao.

Dira ya sindano

Dira ya mzamiaji ina sumaku iliyobandikwa chini ya kisahani chenye digrii 0 hadi 360, au sindano peke yake, ikizunguka juu ya ncha kali ya mhimili. Yote hayo yamo ndani ya kikasha cha plastiki kilichojazwa mafuta mepesi hadi juu. Mafuta hayo yana kazi mbili. Mnato wake hutuliza sindano isiyumbeyumbe, na wakati huo huo hulilinda kasha dhidi ya kanieneo ya maji. Kila mita 10 za maji ya bahari huongeza kanieneo ya karibu atmosfia moja, hivyo katika kina cha mita 30 kuna jumla ya atmosfia 4. Kasha lililojaa hewa lingebonyea, na kioo chake kingeweza kugusa sindano na kuizuia. Kimiminika hakikubali kusongwa kwa urahisi, kwa hiyo kasha lililojaa mafuta huibeba kanieneo hiyo bila taabu.

Dira zilizojazwa kimiminika zilikuwepo melini tangu zamani. Katika nchi ya Finland mhandisi Tuomas Vohlonen alivumbua njia ya kutengeneza kwa wingi dira ndogo za namna hiyo za kubeba mkononi, na mwaka 1936 akaanzisha kampuni ya Suunto. Dira hizo zilikusudiwa watu wa msituni na askari. Kampuni hiyo ilitoa dira yake ya kwanza iliyoundwa mahsusi kwa wazamiaji mwaka 1965.

Sisi wa mwambao hatuna haja ya kufundishwa kwamba bahari na dira ni ndugu. Manahodha wa majahazi walioshika njia za Uarabuni, Uhindi na pwani ya Afrika Mashariki waliigawa duara ya upeo wa macho katika sehemu 32, wakazipa majina ya nyota zinazochomoza na kutua. Ahmad ibn Majid, rubani mashuhuri wa karne ya 15, aliandika kwa mapana juu ya elimu hiyo. Kwa manahodha wale nyota na sindano vilisaidiana: kimoja kilisahihisha kingine. Mzamiaji hana nyota. Ana sindano peke yake, na tofauti hiyo si ndogo.

Juu ya kasha kuna pete inayozungushwa kwa vidole na mstari ulionyooka unaoelekea mbele. Mzamiaji akiwa bado juu ya maji huelekeza mstari kule anakokusudia kwenda, kisha huzungusha pete mpaka alama zake mbili ziikumbatie ncha ya kaskazini ya sindano. Baada ya hapo hana haja ya kukumbuka tarakimu yoyote. Kazi yake ni kuogelea huku sindano ikibaki baina ya alama zile. Wakati wa kurudi hugeuza mwili mpaka ncha ya kusini ya sindano iingie mahali pale pale, na hapo atakuwa amejiongezea digrii 180 bila kufanya hesabu. Kwa mtu aliye katika kina, ambaye akili yake huwa nzito kidogo kwa sababu ya naitrojeni anayoivuta kwa kanieneo kubwa, kuondolewa hesabu hata ya namna hiyo ni msaada mkubwa.

Sindano inayoinama

Hapa tumefika penye jambo ambalo wanunuzi wengi wa Afrika Mashariki hawaambiwi. Uga wa sumaku wa dunia haukulala sawasawa na ardhi isipokuwa katika ikweta ya sumaku, ambayo katika bara letu hupita kaskazini ya ikweta ya kawaida, ikikatiza nchi ya Ethiopia. Kaskazini ya mstari huo, ncha ya kaskazini ya sindano hupenda kuinama kuelekea ardhini. Kusini yake ni ncha ya kusini inayoinama. Mjini London mwinamo huo ni digrii 66 hivi. Katika pwani ya Tanzania ni kati ya digrii 30 na 40, kwa upande wa pili.

Mtengenezaji wa Ulaya anajua kwamba sindano yake itainamisha ncha ya kaskazini. Kwa hiyo huongeza uzito kidogo katika ncha ya kusini ili sindano ilale sawa. Dira hiyo ikiletwa Dar es Salaam au Mtwara, ncha ya kusini huvutwa chini na uga wa dunia, na juu ya hayo huvutwa na uzito ule ule uliowekwa kuirekebisha. Sindano hukwaruza sakafu ya kasha au hugusa kioo, na mara nyingine husimama ikionyesha mahali ambapo si kaskazini. Kuna watengenezaji wanaouza dira za kanda mbalimbali, na kuna sindano zilizobuniwa ili zitumike duniani kote, ambazo sumaku yake imeachwa huru kuinama bila kukiinamisha kisahani. Lakini dira nyingi zinazopatikana kwa bei nafuu katika mwambao wetu ni zile zilizoachwa na wageni au zilizonunuliwa zikiwa zimekwisha tumika. Kabla ya kulipa, inafaa kuiweka dira mezani, kuizungusha polepole mzunguko mzima, na kuangalia kama sindano inaelea bila kugusa popote. Kisha iinamishwe kidogo na kuzungushwa tena. Sindano isiyotembea hapo haitatembea baharini.

Lakini mwinamo wetu mdogo una manufaa pia. Kinachogeuza sindano ni ile sehemu ya uga iliyolala sambamba na ardhi. Uga wote wa London ni mkubwa kuliko wa Dar es Salaam, ila umesimama mno, hivyo sehemu yake iliyolala ni mikrotesla 20 hivi tu. Sehemu iliyolala ya Dar es Salaam huzidi hapo. Sindano iliyosawazishwa vizuri kwa kanda yetu hugeuka kwa nguvu zaidi mwambao huku kuliko kule ilikotengenezwa.

Dira ya elektroniki

Ndani ya dira ya tarakimu hamna kitu kinachozunguka. Kuna vipande vidogo vya kuhisi uga wa sumaku, vilivyopangwa katika pande tatu zinazokutana kwa pembe mraba. Baadhi ya vipande hivyo hutumia tabia iliyogunduliwa na William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, katika miaka ya 1850: ukinzani wa umeme wa metali kama chuma na nikeli hubadilika kidogo metali hiyo inapowekwa ndani ya uga wa sumaku. Vingine hutumia tabia iliyogunduliwa na Edwin Hall nchini Marekani mwaka 1879, kwamba mkondo wa umeme unaopita katika kibamba ndani ya uga wa sumaku huzaa volteji ndogo kutoka ubavu mmoja hadi mwingine. Inapendeza kukumbuka kwamba Thomson huyo huyo ndiye aliyetengeneza dira bora ya meli za chuma katika miaka ya 1870.

Vihisi vitatu hutoa vipimo vitatu, na kikompyuta hukokotoa kutoka kwavyo upande ulioko kaskazini. Ila kikompyuta kinahitaji kujua ardhi iko upande gani, sivyo hakiwezi kutenganisha sehemu iliyolala na sehemu iliyosimama. Kwa hiyo chombo huwekewa vihisi vingine vya kutambua mvutano wa dunia. Umuhimu wake unaonekana katika hesabu rahisi. Dira isiyo na marekebisho hayo, ikiinamishwa kwa pembe ndogo, huweza kukosea kwa kiasi kinachokaribia pembe hiyo ikizidishwa kwa tanjenti ya mwinamo wa uga. Mkono ukiinama kwa digrii 10 mjini London, kosa huweza kufika digrii 22. Katika pwani yetu, kwa mwinamo uleule wa mkono, kosa litakuwa digrii 6 hadi 8. Dira nzuri ya elektroniki hulifuta kosa hilo lote, na hili ni jambo inaloizidi dira ya sindano waziwazi. Mzamiaji anaweza kuisoma akiwa ameinama kichwa chini kando ya mwamba, mahali ambapo sindano ingekuwa imekwama.

Ina faida nyingine pia. Huwaka usiku bila kuhitaji rangi ya kung'aa. Huweza kuagizwa kushika mwelekeo fulani, kisha ikaonyesha kwa mshale kama mzamiaji amekengeuka kushoto au kulia. Baadhi huhifadhi mwelekeo wa kwenda pamoja na muda na kina, jambo linalowafaa watafiti wanaorejea mara kwa mara katika kipande kile kile cha matumbawe ili kukadiria hali yake, kama ilivyofanyika katika miamba mingi ya Bahari ya Hindi baada ya matumbawe kupauka mwaka 1998.

Je, digrii moja ina thamani gani?

Dira ya tarakimu husomeka kwa digrii moja moja. Dira ya sindano kwa kawaida ina mistari ya kila digrii 5 au 10. Wengi huishia hapo na kuamua kwamba ya kwanza ni sahihi zaidi. Wanafunzi wa fizikia hawana budi kuipinga hoja hiyo. Udogo wa kipimo kinachoonyeshwa si sawa na usahihi wa kipimo. Rula iliyochorwa milimita kumi za uongo haiwi rula ya kweli kwa sababu mistari yake ni myembamba.

Hebu tuchukue mfano. Mzamiaji anaondoka penye nanga na kuogelea mita 300 kwa dakika 10, yaani mita 30 kwa dakika. Akikosea kwa digrii moja, atafika mita 5 pembeni mwa alipokusudia. Akikosea kwa digrii 5, atakuwa mita 26 pembeni. Akikosea kwa digrii 10, mita 52. Ikiwa anaweza kuona umbali wa mita 10, kosa la digrii moja halimdhuru, lakini kosa la digrii 5 linatosha kumfanya aipite kamba ya nanga bila kuiona. Sasa hakuna binadamu aogeleaye kwa miguu na kushika mwelekeo ndani ya digrii moja. Mzamiaji aliyezoea hushukuru akidumu ndani ya digrii 5. Usahihi wa ziada unaoonyeshwa na kioo hupotea katika mateke ya miguu yake.

Tuongeze mkondo. Katika mwambao wa Tanzania tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua hufika mita 3 hadi 4, na maji yote hayo hayana budi kupita katika milango baina ya visiwa na miamba. Tuchukue mkondo wa wastani tu, wa nusu noti, unaopita kwa pembe mraba na njia ya mzamiaji wetu. Nusu noti ni mita 926 kwa saa, au mita 15 na nusu hivi kwa dakika. Katika dakika zile 10 mkondo utakuwa umemsukuma mita 154. Njia yake halisi imekengeuka kwa digrii 27, na muda wote huo dira yake, iwe ya sindano au ya tarakimu, imemwonyesha kwamba yu sawa. Wala haikusema uongo. Dira huonyesha upande ambao mtu ameelekea, haionyeshi anakokwenda.

Kwa maoni ya mwandishi, hesabu hii inatosha kuiondoa tofauti ya digrii moja au tano katika mizani. Anayezamia Mafia au katika mkondo wa Pemba anahitaji zaidi jedwali la maji kujaa na kupwa, na busara ya kuanza safari yake kwa kuogelea dhidi ya mkondo ili umsaidie kurudi. Tofauti inayobaki baina ya dira hizi mbili iko mahali pengine.

Chuma, tochi na betri

Tumesema uga wa dunia ni dhaifu. Chuma chochote kilicho karibu huupinda, na sumaku yoyote huushinda. Meli ya kivita ya Kiingereza, Pegasus, iliyozamishwa Zanzibar na meli ya Kijerumani Königsberg tarehe 20 Septemba 1914, ni mfano wa mahali ambapo dira haifai kuaminiwa. Penye maelfu ya kilo za chuma mwelekeo huweza kubadilika kila mita chache, na vihisi vya elektroniki hudanganyika sawa na sindano, kwa kuwa vyote vinapima uga uleule ulioharibika. Kwenye mabaki ya meli wazamiaji hutumia kamba.

Visababishi vidogo husahaulika zaidi. Mtungi wa chuma wa mwenzako akisogea karibu na mkono wako hutosha kusogeza sindano. Mtungi wa alumini haudhuru. Tochi nyingi za kuzamia huwashwa kwa kitelezi chenye sumaku ndani yake, kwa sababu sumaku hufanya kazi kupitia ukuta wa plastiki bila kutoboa tundu la kuingiza maji. Ni ubunifu mzuri sana, mpaka mtu anapoisogeza tochi hiyo karibu na dira ili apate kuisoma gizani.

Dira ya elektroniki ina dawa ya chuma kilicho ndani ya chombo chenyewe. Mwenye nayo huizungusha pande zote kwa utaratibu maalumu, na kikompyuta hujifunza ni sehemu gani ya uga isiyobadilika kwa kuzungushwa, yaani inayotoka ndani ya chombo, kisha huitoa. Kazi hii huitwa kusawazisha. Lakini betri nyingi zina gamba la chuma, na kila betri ina usumaku wake. Betri ikibadilishwa, usawazishaji wa zamani huwa haufai tena. Dira iliyobadilishwa betri jana usiku na isiyosawazishwa asubuhi itaonyesha tarakimu zenye kung'aa, zilizotulia, zisizo na dalili yoyote ya ugonjwa, na zilizo mbali na ukweli kwa digrii nyingi.

Hapa ndipo swali la mwanzo linapopata jibu lake. Sindano ikiharibika, mara nyingi uharibifu wake huonekana kwa macho. Hukwama, huinama, hutetemeka, au povu la hewa ndani ya mafuta hukua mwezi hadi mwezi likitangaza kwamba kasha linavuja. Tarakimu huharibika kwa namna mbili tu: huzimika kabisa, au hudanganya kwa utulivu. Tena, katika kompyuta ya kuzamia inayojumlisha kila kitu, betri ikifa katika kina mzamiaji hupoteza kwa mara moja mwelekeo, kina na muda. Vyombo vitatu vimekuwa kimoja, na kimoja hicho kimezimika.

Haki ya dira ya elektroniki isipunjwe, kwani sindano nayo ina uongo wake wa kimya. Ikihifadhiwa karibu na kipaza sauti au sumaku yenye nguvu, huweza kubadilishwa ncha: kaskazini ikawa kusini. Itaelea vizuri, itazunguka vizuri, na itampeleka mzamiaji digrii 180 kinyume. Hata hivyo kosa la namna hiyo hugunduliwa na mtoto yeyote anayejua jua linachomoza wapi, madhali mtu anatazama kabla ya kuingia majini. Kosa la digrii 20 la dira isiyosawazishwa haligunduliwi na jua.

Kwa hiyo mwandishi angemshauri mwanafunzi anayeanza, au taasisi yenye fedha kidogo, inunue kwanza dira ya sindano iliyosawazishwa kwa kanda yetu, na ijifunze kuitumia mpaka mkono uzoee kushikwa sawa. Mtafiti anayepima miamba usiku, au anayefanya kazi penye miteremko mikali, ana sababu ya kweli ya kutumia ya elektroniki, naye aichukue, huku ile ya sindano ikiwa imefungwa upande wa pili wa mwili wake, mbali na betri. Mashuani, kabla ya kuruka, zote mbili zilinganishwe na upande wa nchi kavu unaojulikana. Zikitofautiana, asizamie mpaka ajue ni ipi yenye makosa.

Majaribio ya darasani

Shule iliyo mbali na bahari huweza kuyachunguza mambo haya bila kununua kitu. Chukueni sindano ndefu ya kufumia ya chuma, ambayo haijapata kuguswa na sumaku. Ifungeni uzi mwembamba katikati na kuining'iniza, mkisogeza fundo mpaka ilale sawa kabisa. Bila kulegeza fundo, isugueni kwa ncha moja ya sumaku mara 30, daima kuelekea upande mmoja, kisha mwiache ining'inie tena mbali na madawati ya chuma. Itageuka kaskazini na kusini, na ncha yake ya kusini itaonekana imeshuka. Ipimeni pembe hiyo kwa kipimapembe. Itakuwa ndogo kuliko mwinamo wa kweli, kwa sababu fundo haliwezi kukaa barabara katika kitovu cha uzito, lakini shule ya Mtwara ikibadilishana barua na shule ya Nairobi zitaona kwamba sindano ya Mtwara imeinama zaidi.

Kisha bandikeni chembe ya nta katika ncha ya kaskazini, mkiongeza kidogo kidogo mpaka sindano ilale tena. Hiyo ndiyo kazi ya kiwanda kinachotengeneza dira za kanda ya kusini. Mwisho, bila kuondoa nta, isugueni sindano kwa ncha ya pili ya sumaku, kuelekea upande uleule wa mwanzo, mpaka ncha zake zibadilishane. Sasa nta itakuwa katika ncha ya kusini, na sindano itaanguka chini kwa pembe kubwa kuliko ilivyoinama mara ya kwanza. Mtakuwa mmetengeneza dira ya Ulaya iliyoletwa pwani ya Tanzania.